Neno Hilo Lipo Pemba

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa changu mimi kiliponzwa Jumamosi moja asubuhi kwenye kijiwe cha kahawa, Ngamiani, Tanga, kwa maneno 11 tu. Nilisema: "Chemsha bongo gani hii? Hata mimi ningeweza kutunga nikiwa nimefumba macho."

Nieleze kwanza mazingira ya kosa. Kijiweni kwetu gazeti ni moja na wasomaji ni tisa. Hulinunua fundi cherehani, kwa kuwa ndiye mwenye kipato cha uhakika, kisha hugawanywa kama nyama ya akika. Kurasa za michezo huenda kwa fundi baiskeli, mdogo wetu kwa umri na mkubwa wetu kwa ndevu. Siasa huenda kwa wazee wawili ambao hawajasalimiana tangu uchaguzi uliopita. Matangazo ya viwanja ni ya dalali. Na ukurasa wa chemsha bongo ni wa Mwalimu, wala hauombwi. Mwalimu alistaafu zamani, lakini kalamu yake nyekundu bado iko kazini. Hujaza vijumba kwa wino uleule uliotukosesha sisi tukiwa darasa la nne.

Wengine tunaruhusiwa kuchangia majibu. Mtu akileta neno ambalo halijawahi kusikika, Mwalimu humtazama kwa juu ya miwani, na mtuhumiwa ana haki ya kujitetea kwa maneno matatu: "Hilo lipo Pemba." Hoja hiyo haina jibu. Kiswahili ni kipana, Pemba ina lahaja yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, ingawa kisiwa chenyewe kiko ng'ambo yetu tu. Kwa njia hiyo tumewatungia Wapemba msamiati ambao hawana habari nao.

Siku ile dokezo lilikuwa "Mlima mrefu kuliko yote Afrika." Lilikuwa limekuja kwa mara ya tatu mwezi huohuo. Ndipo nilipofungua mdomo.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Muuza kahawa alisimamisha dele hewani, kikombe kikiwa nusu.

"Vizuri sana," Mwalimu alisema. "Tutungie basi. Jumamosi ijayo. Mimi nitakuja na kalamu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijipa moyo. Ngamiani yenyewe ni chemsha bongo: barabara zimepigwa rula, zinakatana, na nyingi hazina majina bali namba. Ukimwelekeza mgeni, unamwambia ashuke hadi barabara fulani kisha akate kulia. Yaani wima, halafu mlalo. Mtu aliyezaliwa ndani ya vijumba namna hii, nikajiambia, atashindwaje kuvichora?

Kuvichora sikushindwa. Usiku ule nilichukua daftari la hesabu la binti yangu, lile lenye vijumba, nikapiga mistari 11 kwa 11. Nyumba ya vyumba 121. Ila kujenga ni kazi ya siku moja. Kupata wapangaji wanaoelewana ndiyo shughuli. Nilitaka mstari wa juu uwe na neno moja refu, la heshima, la herufi 11, linaloshika ukuta hadi ukuta kama boriti. Nikafungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya mwaka 1981, ambayo nakala yangu panya waliianzia nyuma wakaishia kwenye W. Nikatafuta. Nikahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, nikaazima vya miguu. Saa tano usiku nilikuwa na neno moja, limekaa sawasawa, halizidi halipungui.

Mama watoto alipita na taa ya simu, akasoma: "K-I-L-I-M-A-N-J-A-R-O." Akanyamaza kidogo. "Si ndilo ulilokuwa unalicheka?"

Asubuhi nilibomoa. Nikajenga nyumba ndogo ya 9 kwa 9, vyumba 81, ili mlima usipate pa kuingilia.

Huku juu mambo yalikwenda vizuri, na hapo ndipo chemsha bongo humdanganya mgeni. Unaweka neno la kwanza, linakaa. Unashusha la pili, linakaa. Unajiona fundi. Mabaya yalinisubiri sakafuni.

Tazama. Maneno ya Kiswahili, ukitoa machache ya kukopa, huishia kwa irabu. Ni sifa njema. Ndiyo inayofanya lugha yetu iimbike. Lakini ndani ya fumbo, maneno yanayoshuka hadi chini kabisa hutua kila moja na irabu yake mguuni, na mstari huohuo wa chini unatakiwa usomeke kwa mlalo. Ukuta wa kulia nao una balaa lilelile, kwa sababu maneno ya mlalo ndiko yanakoishia. Hadi Jumatatu jioni mstari wangu wa mwisho ulisomeka hivi: AUOIA.

"AUOIA ndiyo nini?" aliuliza mama watoto.

"Lipo Pemba."

"Mbona kama sauti ya mtu aliyekanyaga msumari?"

Nilianza kusaka maneno ya Kiswahili yasiyo na konsonanti hata moja. Yapo, na ni ya kutisha: oa, ua, aua. Ukiyapanga unapata habari ya ukurasa wa mbele, hupati ukurasa wa burudani. Jumanne sikupata kitu. Kazini niliambiwa ninazungumza peke yangu. Niliombwa kusaini barua nikajikuta nahesabu kama sahihi yangu ina herufi tisa.

Jumatano binti yangu alinihurumia, akanipekulia kwenye simu yake habari za watu waliowahi kupatwa na janga hili. Nilitaka wenzangu, na nikampata mmoja. Gazeti la The Times la London lilichapisha fumbo lake la kwanza tarehe 1 Februari 1930, na mtungaji alikuwa Adrian Bell, mkulima wa Suffolk, ambaye hakuwa ametunga fumbo maishani mwake, wala kulifumbua. Kazi hiyo alitafutiwa na baba yake mzazi. Kijana alipojitetea kwamba hajui lolote, mzee alimjibu kuwa ana siku kumi za kujifunza. Nilimwonea wivu kwa zile siku tatu alizonizidi. Bell hakuishia hapo. Alitunga mafumbo karibu 5,000. Mimi nilikuwa naomba nusu ya moja.

Kutoka kwa hao hao nikaokota siri. Mafumbo yana mitindo miwili mikubwa. Wamarekani huyabana: kila herufi inasomeka njia zote mbili. Waingereza huyalegeza: herufi moja inakatizwa, inayofuata inaachwa ipumue. Kwa mtunzi wa Kiswahili, mtindo wa Kimarekani ni kujitakia, maana sakafu nzima itakuwa irabu tupu. Wa Kiingereza umeacha dirisha wazi. Humo irabu inatakiwa chumba cha kwanza, cha tatu na cha tano. Vyumba vya katikati konsonanti anaweza kupanga bila kugombana na mtu. Kwa hiyo nilichohitaji ni neno la herufi tano lililoanza kwa irabu, kisha likapokezana: irabu, konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Nilikodolea ukuta. Nikakodolea dari. Sahani ikatua mezani mbele yangu.

"Ugali!" nilipiga kelele.

"Ndiyo, ugali," alisema mama watoto. "Ulitegemea pilau?"

U-G-A-L-I. Nilimwimbia. Nilinyanyuka na tonge mkononi nikaenda kuliandika, na daftari la binti yangu hadi leo lina alama ya mchuzi kwenye mraba wa mwisho. Baada ya ugali mlango ulifunguka wote: ASALI, AMANI, IMANI, ELIMU, AKILI, UPEPO. Kumbe maneno haya yote yamekaa kwenye lugha yetu kama matofali, yanasubiri mtu wa kujengea sakafu. Nimeishi nayo miaka yote hii, nikiyala mengine, sikujua kazi yake.

Kwa furaha hiyo nikafanya kosa la kumwingiza ng'ombe.

Swali la ng'ombe ni hili: ile alama ya juu inalala wapi? Binti yangu, aliye kidato cha pili, alisema ng' ni sauti moja, basi ipewe chumba kimoja, wote watatu walale humo. Mama watoto akasema hiyo ni kubana wapangaji. Nikaamua kila mmoja apewe chumba chake: N, kisha G, kisha kitone. Sikujua nimejichimbia shimo. Neno linaloshuka kupitia chumba cha kitone lilihitaji nalo kuwa na kitone. Nikaweka NG'OA. Lile lililokatiza NG'OA likadai chake. Nikaweka NG'AMBO. Saa nne usiku nilikuwa na zizi zima, kila neno linang'ang'ania, fumbo linaonekana kama limenyewa na nzi. Nikawaswaga wote nje. Tangu siku hiyo naelewa kwa nini kwenye mafumbo ya Kiswahili maziwa utayakuta, ila aliyekamuliwa humuoni.

Hadi Alhamisi vyumba vyote vilikuwa na watu. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimejenga nyumba isiyo na milango, maana madokezo yalikuwa hayajaandikwa.

Hapa niliingia na kiburi. Sisi ni watu wa vitendawili. Mtoto wa pwani hutegewa kabla hajajua kusoma. Nikaapa sitaandika "mnyama mwenye shingo ndefu" wala "mji mkuu wa Kenya." Dokezo langu litapiga kona. Ila Kiswahili chenyewe kikaanza kunichongea. Lugha hii haitunzi siri: kiambishi hutangulia mbele na kumfungulia mgeni kabla mwenye nyumba hajavaa shati. Ukiandika "kinatumika jikoni," umekwisha kumwambia msomaji neno ni la kisu, kijiko na kikombe. Ukiandika "linapepea," amejua ni la jani na jua. Ngeli zinaropoka.

Nilikesha kwa hilo hadi nikakumbuka kuna kiambishi kimoja mnyamavu, kisichomtaja mtu: hu-. Hupepea. Hutumika. Hupita. Nani hupita? Huambiwi! Kisu hupita, mtu hupita, wakati hupita, ngeli zote zinakaa humo kimya kama abiria wasiolipa nauli. Niliandika madokezo kumi mfululizo kwa hu-, nikajiona nimegundua dawa. Kwa UZI niliandika: "Hupita kwenye tundu dogo. Herufi 3." Kwa MAJI: "Hufuata mkondo. Herufi 4." Kwa POSA: "Huletwa na wazee wa upande wa pili. Herufi 4." Kwa MBUZI peke yake, aliyekaa mstari wa juu kabisa, akiwa na MAJI anayeshuka kutoka herufi yake ya kwanza na UZI kutoka ya tatu, niliona nijiachie kidogo. Niliandika: "Ana ndevu lakini si mzee. Herufi 5."

Nililicheka mwenyewe dokezo hilo. Nawaonya watungaji wenzangu: dokezo ulilolicheka ukiwa peke yako usiku, lichane.

Ijumaa usiku, nikipitia mara ya mwisho, niligundua UA limo mara mbili: juu kama la bustani, chini kama kosa la jinai. Kubadilisha moja kungebomoa kona nzima. Nikakimbilia tena kwenye simu ya binti yangu kutafuta faraja, na Mungu si Athumani. Fumbo la kwanza kabisa la aina hii alilitunga Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lina umbo la almasi. Ndani yake neno la Kiingereza lenye maana ya njiwa limo mara mbili. Mwanzilishi mwenyewe! Nikafunga daftari. Kama baba wa mafumbo alirudia njiwa na dunia ikampokea, mimi na ua langu tutasamehewa.

Asubuhi nilipitia duka la steshenari. Kijana alichora jedwali upya kwenye kompyuta, kisha akasimama.

"Mzee, haya maboksi meusi ni lazima? Yanamaliza wino."

"Ni lazima."

"Yote?"

Ukiwa mtungaji unagundua kwamba dunia haina heshima kwa vijumba vyeusi. Niliongeza hela ya wino, nikaondoka na nakala kumi, zina joto kama mkate.

Kijiweni walikuwa wamenisubiri. Mwalimu amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi. Ukutani, kwenye kiti cha mgeni, alikaa abiria mmoja mwenye mkoba magotini, anakunywa kahawa yake taratibu, anasubiri usafiri wake. Sikumtilia maanani. Niligawa karatasi. Kimya kikashuka, kimya ambacho kijiwe kile hakijawahi kukisikia hata kwenye taarifa ya habari. Muuza kahawa alipokea nakala yake kwa mikono miwili.

Mwalimu alianza na wima, kama kawaida yake. Kalamu nyekundu ikashuka: moja, mbili. Kwenye 6 wima ikasita. Akasoma. Akanitazama. Akakunja karatasi mara nne, akainuka.

"Njoo hapa kidogo, bwana."

Tulisimama karibu na nguzo ya umeme. Sijawahi kumuona Mwalimu akiangalia nyuma kabla ya kusema.

"Nani amekwambia?"

"Kuhusu nini, Mwalimu?"

"'Huletwa na wazee wa upande wa pili.' Herufi nne." Akashusha sauti zaidi. "Binti yangu wa mwisho. Wazee wanakuja kesho kutoka Muheza. Hata shangazi yake hajaambiwa! Nani amekwambia?"

Niliapa kwa kila kiapo. Nilimwambia POSA imo kwa sababu ya S na A, kwamba nilihitaji herufi si harusi. Hakuniamini, na simlaumu. Nikamhadithia ya mwalimu mwenzake, Leonard Dawe, aliyekuwa mkuu wa shule huko Uingereza na mtungaji wa mafumbo ya Daily Telegraph. Mwezi Mei 1944, majeshi yakijiandaa kwa siri kuvuka bahari kuingia Normandy, mafumbo yake yakaanza kutoa jibu moja baada ya jingine: Utah, Omaha, Overlord, Mulberry, na mwanzoni mwa Juni, Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni ileile. Maofisa wa usalama wa MI5 walimfuata kumhoji, na hawakupata kitu. Miaka 40 baadaye mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alidai kuwa ndiye aliyeyapachika maneno hayo, akiwa ameyasikia kwa wanajeshi waliopiga kambi karibu na shule.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo," alisema, "umeyasikia kwa nani?"

Wakati huo watu saba kijiweni walikuwa wamejiuliza kilichomwinua Mwalimu, wakafungua 6 wima, wakahesabu herufi nne, wakatutazama pale kwenye nguzo. Fundi cherehani ndiye aliyepaza sauti:

"Hongera, Mwalimu!"

Majeshi ya Normandy yalibahatika kuliko sisi. Wao siri yao ilifika hadi alfajiri ya siku yenyewe.

Tuliporudi kwenye mabenchi, Mwalimu akipokea mikono ya pongezi kwa uso wa mtu anayepewa pole, nilikuta kazi imeendelea. Nakala kubwa ilikuwa katikati ya meza na wamekwisha kuandika mstari wa juu. Kwa biro. Walikuwa wameandika FUNDI.

Fundi baiskeli alikuwa amekaa katikati yao, ndevu zake zimechanwa, zina mafuta, zinang'aa kwa jua la asubuhi. Alinyanyuka kunipa mkono.

"Kaka, ahsante sana. 'Ana ndevu lakini si mzee.' Nimehesabu mara mbili, herufi tano kweli. Sijawahi kuandikwa popote maishani, isipokuwa kwenye daftari la madeni la huyu." Akamwonyesha muuza kahawa. "Naomba nakala moja nikampelekee mama."

Mfukoni mwangu nilikuwa na karatasi ya majibu. Niliishika kwa nje ya suruali, kama mtu anayeshika pochi sokoni. Ndani yake kulikuwa na mbuzi.

Fikiria uko pale ungefanya nini. Ningemwambia? "Samahani mdogo wangu, mwenye ndevu asiye na uzee niliyemkusudia ni mbuzi, wewe mmefanana tu"? Niliangalia herufi zilizokatiza, nikitumaini fumbo lenyewe litamkataa kwa upole, maana ndiyo kazi yake: neno la uongo hukwama kwa majirani. Chini ya N kulisomeka NZI.

"'Hupita kwenye tundu dogo,'" alisoma dalali kwa ushindi. "Nzi! Nyumbani kwangu nimeweka wavu, bado anapita."

Nilipekua akili nzima nisipate kosa. Nzi hupita kwenye tundu dogo. Ile hu- yangu niliyojivunia, isiyomtaja mtu, ilikuwa imempisha nzi kwa adabu zote. Ikabaki herufi ya kwanza. Hapo nilijua wamenasa, kwa sababu MAJI hawezi kuanza na F. Nilishuka kwa kidole: F, A, J, I.

"Na hili?" nilisema. "Hufuata mkondo. Faji?"

Wakatazamana. Wote walijua ni maji. Hata mtoto anajua ni maji. Lakini FUNDI alikwisha kuandikwa kwa biro, biro haifutiki, na furaha ya mtu nayo haifutiki. Basi wakaona ni nafuu kuyabadilishia maji jina. Macho yote yalinigeukia mimi, mtungaji, mwenye fumbo. Mwalimu alikwisha kuvaa miwani, kalamu nyekundu iko wazi. Fundi baiskeli alikuwa anaikunja nakala ya mama yake, kwa uangalifu, isije ikavunjika kwenye ndevu za dokezo.

Wiki nzima nililala na kamusi. Nilikataa Kilimanjaro. Nilifukuza ng'ombe. Nilipigania kila kijumba cheusi kwa hela yangu. Nilimeza mate, nikasema:

"Faji lipo. Lipo Pemba."

Kijiwe kizima kilivuta pumzi. Muuza kahawa akaendelea kumimina. Ndipo yule abiria wa ukutani alipoweka kikombe chini, akakohoa kwa adabu.

"Samahani, wazee wangu," alisema. "Sikukusudia kuingilia mazungumzo yenu. Mimi kwetu Wete."

Hakuna aliyepumua.

"Faji sisi hatuna. Wala yale mengine niliyowasikia mkiyataja tangu asubuhi." Akafikiri kidogo, kama mtu asiyetaka kuwavunja moyo wenyeji wake. "Lakini msisikitike. Kwetu neno likitushinda tunasema lipo Tanga."